Kikapu kimekwenda kuulizia bei

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la banda lake la chakula, upande wa Sabasaba, hapa Dodoma, moshi wa mkaa ukitupiga wote usoni, akipandisha na kushusha kidole taratibu kwenye skrini ya simu. Nilikuwa nimemwomba jambo moja tu: atafute chombo anachokihitaji kweli kwenye programu yetu ya manunuzi, aende nacho mpaka pale ambapo angelipa. Akapata seti ya sufuria saba, shilingi 78,000. Akaiweka kwenye kikapu. Kitufe cha kijani cha "Lipia sasa" kikatokea chini, kikubwa, hakuna namna ya kutokiona.

Kidole kikasimama hewani.

Kisha akabana vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, simu ikatoa ule mlio wa kamera, akatoka kwetu akaingia WhatsApp. Picha ya kikapu ikaenda kwa mdogo wake aliyeko Kariakoo. Akasogeza simu mdomoni: "Hebu niangalizie hizi, nzito au bati? Na huko kwenu wanauzaje?" Akaiweka simu mapajani, akainuka kugeuza maharage.

Nilibaki na kalamu mkononi. Kwenye kompyuta ya ofisini kwetu, mama yule ameshaandikwa: mteja aliyeacha kikapu.

Nimeahidi mara nyingi hapa kwamba nitaandika kuhusu kazi ninayofanya, kwa sababu hata nyumbani Kondoa wakiniuliza huwa nawajibu "natengeneza mambo ya simu" tukaishia hapo. Leo naandika kwa kirefu. Kazi yangu ni kukaa na watu wanaotumia programu, kuwatazama, kuwasikiliza, halafu kurudi kwa wanaoichora na wanaoiandika na kuwaambia nilichokiona. Kwa miezi miwili iliyopita kazi hiyo ilikuwa ya programu moja ya kununulia bidhaa inayohudumia Dodoma na wilaya za jirani. Wenyewe wanataka kuibadilisha sura yote. Jina lake silitaji, si la muhimu kwa ninayoyasema.

Nilipoitwa, mipango ilikuwa imeshapamba moto. Mchoraji alikuwa na kurasa mpya, nzuri sana, nyeupe, zenye maandishi membamba ya kijivu. Bosi alikuwa na swali moja lililomkosesha usingizi: kwa nini watu wengi wanajaza vikapu halafu hawalipi? Kila mmoja mezani alikuwa na jibu lake. Mmoja akasema makato ya miamala. Mwingine akasema bando, watu linawakatikia njiani. Mwingine, rangi ya kitufe. Nikaomba wiki tatu kabla mstari wowote wa programu mpya haujaandikwa. Nikapewa mbili na nusu.

Kuuliza watu maswali sikujifunza kwenye kompyuta. Nilijifunza mwaka 2022, nilipokuwa karani wa sensa. Mnakumbuka, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, halafu siku zile za kugonga milango na vishikwambi mkononi. Kati ya watu 61,741,120 waliohesabika, wachache mno walipita kwenye kidole changu, lakini walinifundisha kazi. Nilijifunza kwamba huingii kwenye swali kabla ya kumaliza salamu. Nilijifunza kwamba mtu akikujibu haraka sana, amekujibu ili uondoke. Na kwamba mzee ukimkuta anapepeta mtama, ukikaa ukaangalia anavyopepeta, dakika kumi baadaye anakwambia idadi ya watoto wake na kisa cha kila mmoja, bila hata kumuuliza.

Kwa hiyo kwenye kazi hii ya simu, jambo la kwanza nililoliondoa ni dodoso. Ofisi ilikuwa imeandaa dodoso la maswali 30, la kwanza likiwa "Je, unaipenda programu yetu?" Nawaomba mnaofanya biashara mnisikie hapa: huku kwetu swali hilo halina jibu zaidi ya moja. Mgeni amekuja mpaka kwako, amevaa kitambulisho, ana daftari, jua kali, halafu umwambie kitu chake kibaya? Utamwambia "iko vizuri tu, mwanangu, endeleeni hivyo hivyo." Nilijaribu siku ya kwanza, kwa watu wanne, ili bosi asione nimepuuza kazi ya wenzangu. Wote wanne waliipenda. Mmoja wao alikuwa ameshaifuta kwenye simu yake.

Swali lililonisaidia zaidi ni hili: "Mara ya mwisho ulipotaka kununua kitu kupitia simu, ilikuwaje?" Hapo mtu haombwi kusifu wala kulaumu, anaombwa asimulie, na kusimulia watu wetu wanajua. Ukimwachia, atakwambia siku aliyonunua viatu kwa picha vikaja vya mtoto. Atakwambia shemeji yake alivyotuma hela kwa mtu wa mtandaoni, simu ikazimwa palepale. Atakwambia, kwa sauti ya chini, kwamba namba ya siri ya pesa anayo mwanaye wa kidato cha pili, maana yeye menyu ya M-Pesa, ile ya *150*00#, humchanganya.

Tuliongea na watu 15, na hapa kuna hesabu nataka kuieleza, kwa sababu bosi aliniuliza kwa haki kabisa: watu 15 ni wawakilishi wa nani? Mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliandika kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo mmoja. Hesabu yake, aliyoifanya na mwenzake Thomas Landauer, ilichukulia kwamba mtu mmoja kwa wastani anafichua asilimia 31 ya kasoro. Wa pili anarudia baadhi ya za wa kwanza na kuongeza mpya, wa tatu anaongeza chache zaidi, na hivyo hivyo, mpaka kwa mtu wa tano unakuwa umefika karibu asilimia 85. Wengi wanaishia hapo kusoma. Lakini hesabu hiyo ni ya kutafuta kasoro, tena kwa watu wa aina moja wanaotumia kitu kwa namna moja. Haikwambii ni asilimia ngapi ya wateja wataipenda bidhaa, na watano wa maofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hawawezi kusimama badala ya mama lishe wa Sabasaba. Nikachukua makundi matatu, watano watano: wafanyabiashara wadogo na mama lishe wa mjini, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na watumishi waliohamia Dodoma kwa kazi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016. Baadaye nikamwongeza mtu mmoja ambaye hakuwa mteja kabisa, nitamfikia.

Kabla ya kuanza na kila mmoja nilimweleza ninachoandika, kitakaa wapi, nani atakiona, na kwamba anaweza kuniambia nifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo ningefanya. Ile sauti ya mama kwenda kwa mdogo wake, kwa mfano, niliandika maneno yake yeye kwa ruhusa yake. Jibu la mdogo wake sikulinakili, maana huyo hakuniruhusu kitu. Na asante yao ya bando niliwapa mwanzoni, kabla ya swali la kwanza, nikiwaambia ni yao hata wakiamua kuinuka sasa hivi. Ukiitoa mwishoni mtu anaona anaifanyia kazi, na kazi yenyewe anadhani ni kukusifia.

Siku ya pili niliharibu. Alikuwa kaka mmoja fundi simu, mcheshi, anatafuta chaja ya kununua jumla. Alikwama kwenye kutafuta: aliandika "chaji", programu ikamwambia hakuna bidhaa. Akaandika "chaja", zikatokea nyingi. Lakini kabla hajaandika hiyo ya pili, mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwonea huruma, nikasema "jaribu chaja, kaka." Sekunde moja ya huruma, na jambo nililokwenda kuliona likapotea: sitajua kamwe angefanya nini. Angejaribu neno jingine? Angehisi ni yeye mwenye makosa? Angefunga na kwenda kwa jirani? Nilirudi nyumbani nimeumia kweli. Kuanzia hapo nilianza kukalia mkono wangu wa kulia, kwa maana halisi, nauweka chini ya paja, ili usielekeze kitu. Mtu akiniuliza "sasa nibofye wapi?" nilijibu, "ungekuwa peke yako nyumbani ungefanyaje?" Inaonekana ukatili kidogo mbele ya mtu mzima. Niliwaambia mapema kwamba nitafanya hivyo, na kwamba simu ndiyo inayopimwa, wao hawapimwi.

Kuna mbinu ya kumwomba mtu afikiri kwa sauti huku akitumia kitu, aseme kila linalompitia kichwani. Imeanza kutumika kupima kompyuta tangu miaka ya 1980 na inafanya kazi vizuri sana kwa wanafunzi. Kwa watu wazima wa hapa ilishindwa. Mzee hawezi kukaa anaisemesha simu peke yake mbele ya mgeni, ataonekanaje? Nikabadilisha, nikawaweka wawili wawili: mama na jirani yake, fundi na kijana wake. Hapo maneno yalitiririka. "We usibofye hapo, itakukata hela." "Haikati mpaka uweke namba ya siri." "Nani kakwambia?" Katika mabishano ya dakika mbili nilipata kile ambacho maswali yangu 10 yasingekitoa.

Na hilo la kukata hela lilijirudia hadi nikaacha kuliandika kwa urefu, nikawa naweka alama tu pembeni. "Lipia sasa" kwa waliolichora lilikuwa mlango wa kwenda ukurasa unaofuata, ambako unaona jumla, gharama ya kusafirisha, na unachagua mtandao wa kulipia. Kwa wateja lilikuwa neno lenye maana yake kamili: ukigusa, hela inaondoka sasa. Wote tunajua ilivyo kuisaka hela iliyokwenda kusikotakiwa. Kwa hiyo watu walikuwa wanasimama mlangoni mwa ukurasa ambao ungewatuliza, wakiogopa kuufungua. Lakini gharama ya usafiri ipo ndani ya ukurasa huo huo! Mtu hawezi kujua jumla bila kugusa, na hagusi bila kujua jumla.

Narudi kwa mama wa sufuria, kwa sababu yeye ndiye aliyenigeuza kichwa.

Alipomaliza na maharage nilimuuliza, alikuwa anataka mdogo wake amwambie nini? Hakunijibu kwa mdomo. Alinyanyua sufuria moja kubwa iliyokuwa imefunikwa pembeni, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa mlio mzito, mfupi. Akachukua nyingine, mpya mpya, inang'aa kuliko ile, akaigonga: ikalia kama kengele ya baiskeli. "Umesikia? Hii nilinunua mwaka jana kwa kuipenda kwa macho. Ukipikia wali unashika chini, ukisugua inaingia ndani. Hiyo ya kwanza nimepikia miaka sita." Akainua simu, akanionyesha picha yetu, picha safi yenye mwanga mzuri, iliyopigwa kwa gharama. "Sasa hii nitaigonga wapi, mwanangu?"

Sijui kama nimewahi kusikia swali la kitaalamu zaidi ya hilo katika kazi yangu. Kwenye maelezo ya bidhaa tulikuwa tumeandika rangi, idadi, na maneno "ubora wa hali ya juu". Uzito haukuwepo. Unene haukuwepo. Kipimo kimoja tu anachokitumia mnunuzi wa sufuria kabla ya kutoa hela, sisi hatukukiandika, kisha tukakaa mezani kubishana kuhusu rangi ya kitufe.

Baada ya siku ile nikaanza kuhesabu picha za skrini. Niliwaomba wote walioruhusu wanionyeshe picha za skrini zilizomo kwenye simu zao, wachague wenyewe za kunionyesha. Zilikuwemo za kwetu, nyingi. Mwanafunzi mmoja wa CIVE, ndaki ya mambo ya kompyuta pale UDOM, alikuwa na kama ishirini, zote za vitu alivyokuwa amewatumia wenzake wa chumba kimoja hosteli, wachangie wanunue kwa pamoja ili mzigo uletwe mara moja. Mtumishi mmoja mwenye familia Dar es Salaam alikuwa anamtumia mkewe kila kitu cha nyumbani kabla ya kununua, na alinieleza kwa fahari, si kwa kulalamika: "Nyumba ni yetu wawili." Fundi wangu wa chaja alikuwa anapeleka picha yetu kwa muuzaji wa jumla mjini na kumwambia, hawa wanauza hivi, wewe utanifanyia ngapi? Alikuwa anatutumia kama mizani ya bei, kisha ananunua kwingine.

Nilipoyaweka yote mezani usiku mmoja ninapoishi, Nkuhungu, umeme umekatika, natumia tochi ya simu, nikaona kwamba vikapu havikuwa vimeachwa. Vilikuwa vimetoka kwenda kuulizia. Kununua huku kwetu ni mazungumzo: na muuzaji, na jirani, na mwenza, na yule mdogo wako aliyeko Kariakoo anayejua bei halisi. Programu yetu ilikuwa duka lisilo na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo wateja walitoka nje wakatafuta mtu. Wengine walirudi. Wengi walipata majibu huko nje na huko huko wakanunua.

Makato? Watu wawili tu waliyataja, na wote wawili waliyataja nilipouliza. Sisemi hayawaumizi. Nasema hayakuwa ndiyo yaliyosimamisha vidole nilivyoviona vikisimama.

Jua nalo nilieleze, ingawa kwa kifupi. Julai Dodoma ni upepo na vumbi na mwanga mkali usio na wingu. Watu wengi huweka mwanga wa skrini chini ili chaji ifike jioni. Zile kurasa mpya nyeupe zenye maandishi ya kijivu nilizichapisha na pia nikaziweka kwenye simu, nikampa dada mmoja muuza mboga Majengo, nje, saa saba mchana. Aliigeuza simu, akaifunika kwa kiganja kama anayewasha kiberiti, akasema, "Hapa hakuna kitu." Kulikuwa na aya nzima. Viwango vya WCAG, vile vya kimataifa vya kufanya kurasa za mtandao zitumike na kila mtu, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kinachoyazunguka kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Ya kwetu hayakufika hata 3. Mchoraji alikuwepo siku hiyo, nilimwomba aje. Sikuhitaji kumwambia neno, na nampenda kwa alivyolipokea: jioni ile ile alibadilisha.

Sasa yule wa kumi na sita, dereva wa bodaboda anayetuletea mizigo. Nilimwongeza kwa sababu kila mtu niliyeongea naye alikwama kwenye kisanduku cha anwani, hata watumishi. Programu ilitaka mtaa, namba ya nyumba, na postikodi, na postikodi ilikuwa lazima. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, na ni kazi kubwa iliyofanyika, nimeiona kwa macho yangu nikiwa karani. Ila namba ya nyumba watu hutoka nje kuisoma getini wanapoulizwa, na zile tarakimu tano za postikodi hakuna hata mmoja kati ya 15 aliyezijua. Walifanyaje? Waliandika 00000. Au 12345. Mmoja aliandika namba yake ya simu mpaka kisanduku kikajaa.

Dereva nilimuuliza anavyozifikia nyumba kwa anwani kama hizo. Akacheka kwa upole, akanionyesha orodha ya simu alizopiga asubuhi ile. Kila mzigo, simu mbili au tatu. "Hicho kisanduku mimi sikisomi, dada. Nasoma jina na namba. Napiga, nasema nipo kwenye transfoma, nashuka upande gani? Ananiambia pita msikiti, ukiona mbuyu kata kushoto, kuna mama anauza chapati, muulize." Alikuwa na daftari dogo mfukoni, kurasa zimeliwa na jasho, na humo ameandika wateja wake wa kila mara kwa alama: geti la bluu baada ya kisima, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mwalimu. Daftari lile linafanya kazi ambayo mfumo wetu mzima umeshindwa. Na vocha za simu zote hizo anajilipia mwenyewe. Nililiandika hilo kwa wino mwekundu.

Siku ya kupeleka ripoti niliamua kutopeleka kurasa 40. Niliomba chumba kiwe kimya, nikacheza sauti tatu zilizoruhusiwa na wenyewe. Mabishano ya "itakukata hela". Dereva akisema "hicho kisanduku mimi sikisomi". Na mwisho, bila maelezo yoyote, mlio wa sufuria mbili, moja baada ya nyingine, na sauti ya mama: sasa hii nitaigonga wapi, mwanangu? Bosi aliomba ile ya mwisho irudiwe.

Tulikubaliana mambo machache, na machache ndiyo nilitaka. Kitufe kisome "Angalia jumla" na gharama ya usafiri ionekane kikapuni kabla ya kugusa chochote. Kila kikapu kiwe na kitufe cha kukituma kwa mtu, chenye picha, bei na kiungo cha kurudi, ili anayeulizwa Kariakoo au hosteli aweze kuingia na hata kulipia yeye. Kitufe cha kumuuliza muuzaji, kwa sauti, maana wengi wanaongea haraka kuliko wanavyoandika. Postikodi iondoke kwenye ulazima, na kisanduku cha anwani kiulize "Dereva akifika, atakutambua kwa nini?" Vyombo vya jikoni viandikwe uzito kwa kilo. Neno "chaji" lifike kwenye chaja.

Bei ya kuelewana tumebishana sana na bado hatujaafikiana. Mimi nataka kuwe na mahali pa mteja kusema "nina 70,000". Wenzangu wanaogopa wauzaji wataanza kupandisha bei ili wapate pa kushukia, na hofu hiyo nimeshindwa kuiondoa, kwa sababu nimeona ikifanyika sokoni kila siku.

Juzi nilirudi Sabasaba na kurasa mpya, safari hii zimechorwa kwenye karatasi, kila ukurasa karatasi yake, mimi nikiwa ndiye simu: akigusa, nabadilisha karatasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kikombe cha chai bila kuuliza kama nakunywa. Aliishika karatasi ya sufuria kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti: "Uzito, kilo tano na nusu, seti nzima." Akanyamaza, midomo ikihesabu. Akagusa "Muulize muuzaji". Nikaweka karatasi inayofuata, yenye alama ya kinasa sauti, akainamia ile karatasi kabisa, kama vile ina masikio, akasema:

"Habari za kazi. Hiyo ndogo kabisa kwenye seti siihitaji. Ukiitoa, unaniuziaje?"

Karatasi ya kujibu swali hilo sikuwa nayo. Jumamosi nakwenda mnadani Msalato na karatasi tupu, nikawasikilize wauzaji wanavyolijibu.